Uzi, gundi au pini: mahali pa kuweka fedha baada ya upasuaji wa matundu

Mgonjwa aliyetolewa mfuko wa nyongo kwa njia ya matundu huondoka hospitalini na majeraha manne hivi, yote madogo. Anachokiona ni ngozi, kwa hiyo huuliza kuhusu ngozi: nitashonwa, nitapakwa gundi au nitabanwa pini? Lakini fedha yake inahitajika zaidi chini ya hapo.

Chini ya ngozi na mafuta kuna utando mgumu unaoushikilia ukuta wa tumbo. Kwa mtu mzima, tundu la milimita 5 kwa kawaida huachwa lizibe lenyewe huko ndani. La milimita 10 au 12, hasa la kitovuni, utando wake hushonwa. Ukiachwa wazi, utumbo unaweza kupenya na kunaswa: mgonjwa yuko nyumbani, anaanza kutapika, tumbo linajaa, anarudishwa kupasuliwa upya. Gharama hiyo inazidi kwa mbali tofauti yoyote ya bei ya vifaa.

Kwa mtu mwembamba, sindano ya kawaida iliyopinda inatosha, maana daktari anauona utando. Kwa mtu mnene, anashona ndani ya shimo refu na jembamba. Hapo ndipo kifaa cha kupitishia uzi, kama Carter-Thomason, kinastahili bei yake. Ni fimbo nyembamba ya chuma yenye ncha inayofunguka kama mdomo wa ndege. Huubana uzi, huuingiza upande mmoja wa tundu na kuuachia ndani, kisha hutobolea upande wa pili na kuudaka kuutoa nje, huku kamera ikionyesha kila hatua. Vipo vya chuma vinavyosafishwa kwa mvuke na kutumika tena, na vipo vya kutupwa. Cha kutupwa huja kikali, ila bei yake yote inamwangukia mgonjwa mmoja. Cha chuma ni nafuu kwa hospitali yenye wagonjwa wengi, mradi ncha isiachwe ikawa butu.

Sasa ngozi. Uzi wa nailoni ni wa bei ya chini, lakini lazima utolewe baada ya wiki moja au zaidi kidogo. Anayeishi mbali aombe barua ya kutolewa nyuzi kwenye zahanati ya karibu, la sivyo nauli na siku ya kazi vitaumeza unafuu wote. Uzi unaoyeyuka, ukishonwa chini ya ngozi, hauhitaji safari hiyo, na ndio ningeulipia kwanza. Pini sioni sababu yake kwa majeraha madogo namna hii: huwekwa haraka, lakini kuzitoa kunataka kifaa maalumu.

Gundi ya hospitali hukauka kwa dakika chache na kubanduka yenyewe ndani ya siku 5 hadi 10. Haitaki sindano wala kutolewa. Hata hivyo, majeraha ya gundi hufunguka mara nyingi kidogo kuliko ya uzi, na mafuta ya kupaka huilainisha kabla ya wakati. Kwa tundu la milimita 5, hata plasta za karatasi zinaweza kutosha. Gundi ya dukani aina ya super glue isikaribie jeraha kabisa: ni ya ukoo mmoja na ya hospitali, lakini huunguza nyama.