Sikio: Mlango wa Maneno na Mizani ya Mwili

Wazee hunena, "Sikio la kufa halisikii dawa." Mithali hiyo yamhusu mtu mkaidi, aonywaye asionyeke. Lakini mara nyingi twamtwika mtoto asiyestahili. Mama humwita mara tatu, naye yu kimya akicheza. Baba akashika fimbo. Je, tumepata kuuliza kwanza kama mtoto yule alisikia?

Na tuliangalie sikio lenyewe. Sehemu ionekanayo nje kazi yake ni kukusanya sauti. Ndani yake mna njia nyembamba, na mwisho wa njia hiyo umewambwa utando kama ngozi ya ngoma. Sauti ikiupiga, utando hutikisika, na nyuma yake vimeshikana vifupa vitatu viitwavyo nyundo, fuawe na kikuku. Kikuku ndicho mfupa mdogo kuliko yote mwilini. Urefu wake wapata milimita 3 tu. Vifupa hivyo huuingiza mtikisiko katika chumba kilichojizonga kama nyumba ya konokono, nacho kimejaa maji. Humo mna chembe zenye vinyweleo, nazo hupeleka habari ubongoni. Chembe hizo zikiisha kuharibika, kwa makelele makubwa, kwa ugonjwa au kwa dawa kali, hazioti tena.

Tena sikio lina kazi ya pili, ambayo wengi hawaijui. Karibu na chumba kile ziko njia tatu zilizopinda kama nusu ya pete, zenye maji vilevile. Hizo hutuambia kichwa chaelekea wapi, ili tusianguke. Jizungushe, kisha usimame ghafula: maji yale huendelea kwenda, nawe waona nyumba nzima yazunguka.

Daktari Robert Bárány wa mji wa Vienna, katika Austria, aliyajua haya kwa kuwaangalia wagonjwa wake kwa makini. Alipokuwa akiwaosha masikio kwa maji, walishikwa na kizunguzungu, na macho yao yakachezacheza. Maji yakiwa baridi, macho yalicheza upande mmoja. Yakiwa ya moto, upande wa pili. Basi akapata njia ya kupima mizani ya sikio la kila upande peke yake. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1914, na habari zilimkuta kifungoni Urusi, kwa maana alikuwa ametekwa vitani. Kipimo chake chatumika hata leo.

Nao wapimaji wa kusikia wana njia zao. Mtu huketi mahali pa kimya, akavikwa visikilizio; kila asikiapo sauti, hata iwe ndogo namna gani, huinua mkono. Na mtoto mchanga asiyeweza kujibu, je? Mwaka 1978 mtaalamu Mwingereza, David Kemp, alionyesha kwamba sikio zima likipata sauti hurudisha mwangwi mdogo sana. Basi hutiwa chombo kidogo sikioni, kikausikilize mwangwi huo, naye mtoto amelala usingizi.

Kwa hiyo, enyi wazazi, angalieni. Mtoto asiyegeuka aitwapo, aliyechelewa kusema, au atokwaye na usaha sikioni, apelekwe hospitali upesi. Kadhalika mzee apatwaye na kizunguzungu mara kwa mara. Msichokonoe masikio kwa njiti, wala msitie mafuta ya moto. Mtoto akigunduliwa mapema aweza kutibiwa, au kupewa chombo cha kumsaidia kusikia, au kufundishwa lugha ya ishara, asibaki nyuma ya wenzake.

Basi siku utakapoita usiitikiwe, iweke fimbo chini kwanza. Nenda nyuma ya mtoto, umwite kwa sauti ya chini, utazame kama atageuka. Asipogeuka, huenda huyo si mkaidi. Huenda hasikii vema, naye akungoja wewe umpeleke akapimwe.