Jiwe lenye mikunjo



Ukipita vilima vya Tarime upande wa Nyamongo, tafuta jiwe lenye mistari: mmoja mweusi au mwekundu wenye chuma, mwingine wa rangi nyepesi, kisha wa chuma tena. Matabaka hayo yalijitandaza chini ya maji zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita, yakiwa bapa kama mkeka. Leo yamejikunja kama blanketi lililosukumwa hadi ukutani, na mahali pengine yamesimama wima.

Jiwe hilohilo ukilipiga nyundo linapasuka. Lilikunjwaje basi? Wanajiolojia wanasema lilibanwa likiwa chini sana, kilomita nyingi, kwenye joto la mamia ya nyuzi, na kubanwa kwenyewe kulichukua muda mrefu mno. Mabamba ya ganda la dunia husogea sentimita chache tu kwa mwaka, kama kucha zinavyokua. Hivyo ndivyo, takriban miaka milioni 600 iliyopita, nchi mbili kubwa zilivyogongana mashariki ya Serengeti na kuikunja miamba ya huko. Mwamba ulio baridi, ukisukumwa kwa haraka, huvunjika. Ulio na joto, ukisukumwa polepole, hukunjika, na matabaka yake hayaachani.

Nilikumbuka hayo kwa sababu ya mzee mmoja. Desemba moja binti yake alikataa kukeketwa, akakimbilia kwetu usiku. Kumpokea hakukuwa na mjadala. Sheria inamlinda, na hata isingekuwepo, mlango ungefunguliwa. Kosa langu lilikuja baadaye. Wiki ya pili tu nilikwenda kwa baba yake na barua, wajumbe wawili na maneno makali, nikitaka ampokee binti siku hiyohiyo na kuahidi kutomgusa. Alinisikiliza akiwa amesimama. "Padri," akasema, "mimi ni jiwe." Akamfuta binti midomoni mwake mbele ya wote, na mama akakatazwa kumtembelea. Nilikwenda kukunja, nikavunja.

Ezekieli 36 inaahidi kuondolewa moyo wa jiwe. Nimeihubiri mara nyingi kana kwamba ni operesheni ya asubuhi moja.

Wahubiri tunapenda pia kusema kwamba dhahabu ya Nyamongo ni tunda la mateso. Ni kweli maji ya moto yaliyobeba dhahabu yalipita kwenye nyufa za miamba hiyo. Lakini simwambii binti aliyefukuzwa kwao kwamba ufa wake una faida.

Binti alibaki salama, akasoma. Mimi nikaanza kupita kwa mzee bila barua. Tuliongea ng'ombe, mvua, mguu wake uliokuwa ukimsumbua. Mwaka wa kwanza hakuuliza lolote. Wa pili aliuliza, akiangalia pembeni, kama "yule" bado anaugua kifua wakati wa baridi. Wa tatu alimtuma katekista na gunia la ulezi, bila salamu.

Wewe unayesoma huenda una mtu wa namna hiyo nyumbani, au ni wewe mwenyewe uliyesema wewe ni jiwe.

Mzee hajaomba msamaha hadi leo, na sijamdai. Krismasi iliyopita binti alilala kwao siku mbili. Mama yake alimpikia ugali wa ulezi, na baba akakaa mezani hadi mwisho.