Mwamuzi Anyamaze Lini, Aseme Lini?

Msimamizi wa mtihani apitaye kati ya madawati, akaona mwanafunzi ameruka swali la nne, hamgusi bega kumkumbusha. Lakini akimwona anachungulia karatasi ya jirani yake, humshika papo hapo. Sote hukubali kwamba ndiyo haki, ingawa mara zote mbili msimamizi ameona kosa. Jambo kama hilo humkabili mwamuzi wa mchezo wa karata uitwao Magic: The Gathering, na yafaa tulieleze.

Mchezo huu ulibuniwa na Richard Garfield, msomi wa hisabati wa Marekani, ukatolewa mwaka 1993. Wachezaji hukusanya karata na kubadilishana, kisha kila mmoja hupanga fungu lake, ambalo kwa kawaida huwa na karata zisizopungua 60. Kila mmoja huanza na alama 20 za uhai, zikimwishia, ameshindwa. Karata nyingi zina maandishi yanayoamuru jambo litendeke wakati fulani, mathalani kila zamu ya mwenyewe ianzapo. Mezani hapana kengele ya kumkumbusha mtu. Mwenye karata ndiye akumbuke.

Tutazame kwanza karata iitwayo Soul Warden. Kila kiumbe kingine kiingiapo mezani, mwenye karata hiyo huongezewa alama moja ya uhai. Tuseme ameweka kiumbe, kisha akaendelea na mambo mengine bila kuitaja alama yake. Amesahau. Katika mashindano makubwa mwamuzi aliyesimama hapo hunyamaza. Mpinzani naye halazimiki kumkumbusha, na watazamaji hawaruhusiwi kumdokeza. Kisa chake ni kwamba kukumbuka ni sehemu ya ustadi wa mchezo. Mwamuzi akimkumbusha mmoja, amegeuka mchezaji wa tatu. Tena hawezi kusimama penye kila meza. Msaada wake utawafikia wale tu waliobahatika kuwa karibu naye.

Sasa tutazame karata ya pili, Juzám Djinn, iliyotolewa mwaka huo huo wa 1993. Jini huyu ana nguvu nyingi, lakini kila zamu ya bwana wake ianzapo humdhuru alama moja. Bwana huyo akisahau, kusahau kwake kumemfaidi! Hapa mwamuzi hanyamazi. Huusimamisha mchezo na kumpa mwenye karata onyo, maana bila hivyo watu wangejifunza kusahau kila deni na kukumbuka kila faida. Na ikithibitika kwamba mtu amejisahaulisha kwa makusudi, huo ni udanganyifu, naye hutolewa mashindanoni.

Jambo la tatu si kusahau bali ni kuvunja sheria, kama vile kuchukua karata mbili mahali pa moja. Hapo mwamuzi huingia mara moja, na wachezaji wote wawili wana wajibu wa kusema, hata yule ambaye kosa limemfaa. Lakini hata hapo mwamuzi hatangulii kuonya kabla kosa halijatendeka. Kazi yake ni kusahihisha lililokwisha tokea.

Huenda msomaji akauliza: Je, si ukatili kumtazama kijana akipoteza mchezo kwa kukosa alama moja, nawe unajua ilikuwa haki yake? Kwa kweli ni vigumu, na mwamuzi mwenye moyo mwema ndiye anayeteseka zaidi. Lakini na afikiri juu ya yule aliyekaa upande wa pili wa meza, aliyekumbuka yake yote tangu mwanzo. Huruma kwa mmoja ingekuwa dhuluma kwa mwenzake. Mchezo ukiisha, hakuna ubaya kumwita yule aliyeshindwa na kumwonyesha alichosahau. Na katika mashindano madogo ya wanaojifunza, mwamuzi huwa mwalimu zaidi kuliko hakimu.

Basi mwamuzi ajiulize swali moja: Kusahau huku kunamwumiza nani? Kukimwumiza aliyesahau, na anyamaze. Kukimwumiza mwenzake, au sheria ikivunjwa, na aseme bila kukawia. Nasi tulio wachezaji tukumbuke kwamba majuto ni mjukuu. Tusome karata zetu vema kabla hatujaketi mezani.