Majonzi Hayaponi kwa Kiboko

Wahenga walinena kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini yako maradhi ambayo mgonjwa hayafichi. Sisi wakubwa ndio tusioyaona. Haya ni majonzi ya vijana wetu walioko shuleni.

Tuchukue mfano wa Kirua Vunjo, mkoani Kilimanjaro. Mtu wa Visiwani aionapo migomba na mibuni ya huko hudhani kuwa hapana dhiki. Ukweli ni kwamba kihamba kilichomtosha babu kimegawanywa hata hakiwatoshi wajukuu. Wazazi wengi huenda kutafuta riziki Moshi mjini, Arusha na Dar es Salaam, na watoto hubaki kwa bibi zao. Wengine ni mayatima. Kijana wa namna hiyo akisinzia darasani, akitoroka au akijibu kwa jeuri, huitwa mtovu wa nidhamu, akachapwa. Kanuni za mwaka 2002 ziliweka mpaka wa viboko vinne, kwa idhini ya mwalimu mkuu. Lakini hata kimoja hakimwondolei yatima msiba wake.

Kati ya mwaka 2013 na 2015 ulifanywa utafiti Moshi, na Bungoma nchini Kenya, mjini na vijijini. Walishiriki watoto 640 wa miaka 7 hadi 13 waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili. Baadhi yao walikutana kwa vikundi kila juma, kwa majuma 12, wakiongozwa si na madaktari bali na watu wa kawaida waliopewa mafunzo. Huko Bungoma, faida ya vikundi hivyo ilionekana hata baada ya mwaka mmoja. Katika vijiji vya Moshi, waliokuwa katika vikundi na waliobaki na huduma ya kawaida walipata nafuu sawasawa.

Mafunzo ni mawili. Kwanza, kazi ya kumtuliza mtoto yaweza kufanywa na asiye daktari, maadamu amefundishwa na anasimamiwa. Pili, lifaalo pahala pamoja lisidhaniwe kufaa kila pahala. Serikali na ipime kabla ya kujisifu.

Kwa hiyo twasema: kila shule iwe na mwalimu wa unasihi aliyepunguziwa vipindi, mwenye chumba cha faragha, na asiwe ndiye mshika kiboko. Hapana kijana atakayemfungulia moyo leo yule aliyemchapa jana. Yazidiyo uwezo wa mwalimu huyo yapelekwe hospitali: KCMC kwa Kilimanjaro, Kidongo Chekundu kwa Unguja.

Sisi tuliopitia vyuo vya Kurani twakumbuka kuwa mwanafunzi alipokosekana, mwalimu alituma mtu kwao kuuliza: kuna nini nyumbani? Swali hilo halikungoja fungu la fedha. Basi afisa elimu asomaye safu hii na alifungue daftari la mahudhurio la shule moja tu wilayani mwake, aulize habari za kila asiyeonekana. Hapo ndipo pa kuanzia.