Raha ya Muziki Haipimwi kwa Wati

Ndugu msikilizaji, mazao yakishauzwa, wako wenzetu wa Mbangala, mkoani Songwe, wanaofunga safari hadi madukani Tunduma kununua sabufa. Si vibaya. Aliyelima kwa jasho lake ana haki ya kustarehe nyumbani kwake. Lakini aghalabu fedha hutoka nyingi, raha ikapatikana kidogo, na mwaka unaofuata mtu huyo huyo akatamani sabufa kubwa zaidi. Je, kasoro iko wapi?

Kwanza tuzitazame wati zilizoandikwa kwenye boksi. Wengi hudhani kuwa wati 100 hutoa sauti mara mbili ya wati 50. La hasha! Ukizidisha wati mara mbili, unaongeza desibeli 3 tu, tofauti ambayo ni ndogo sikioni. Ili sauti isikike kuwa imekua maradufu, huhitajika takriban wati mara kumi. Basi anayeuza gunia jingine la ufuta ili apande kutoka wati 50 hadi 100, amenunua tarakimu kuliko sauti.

Pili, chumba nacho ni sehemu ya chombo. Sabufa iliyosukumwa kwenye kona hunguruma kupita kiasi, kwa kuwa kuta na sakafu huirudisha besi chumbani. Ivute kidogo kutoka ukutani. Spika ndogo ziinue zilingane na masikio ya aliyeketi, maana sauti nyembamba husafiri kwa kunyooka. Sakafu ya saruji na kuta tupu huleta mwangwi; mkeka, pazia na viti vya vitambaa huupunguza. Kisha weka wimbo wowote wa zamani wa Mlimani Park, bendi iliyoanzishwa mwaka 1978. Utasikia magitaa yakipokezana na tarumbeta zikiwajibu waimbaji, mambo ambayo ngurumo ilikuwa imeyafunika.

Tatu, kagua nyaya. Nyekundu iende kwenye nyekundu, nyeusi kwenye nyeusi, kwa spika zote mbili. Ukigeuza za spika moja, moja itasukuma hewa wakati nyingine inavuta, nayo besi itafifia. Wapo waliotupa spika nzima kwa kosa la dakika moja.

Nne, unapokwenda kununua, usikubali kusikilizishwa wimbo wa muuzaji peke yake. Chukua fleshi yako yenye wimbo unaoujua vizuri, omba besi ipunguzwe, kisha omba afungue redio usikilize taarifa ya habari. Sauti ya binadamu tunaijua sote tangu utotoni. Msomaji akisikika kama anayezungumza ndani ya pipa, chombo hicho kiache hapo hapo dukani.

Tukumbuke pia kwamba raha hii haikuanza na spika kubwa. Mwaka 1949, ng'ambo ya mpaka wa Tunduma, katika nchi ambayo leo ni Zambia, ilianza kuuzwa redio ndogo ya betri, umbo lake kama sufuria, kwa bei ya pauni 5. Watu waliizunguka redio hiyo moja, wakanyamaza, wakasikiliza. Kunyamaza huko ndiko kunakokosekana leo, ambapo muziki hulia tangu asubuhi hadi usiku na hakuna anayeusikiliza.

Jambo la mwisho ndilo zito kuliko yote. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba sauti ya desibeli 80 isizidi saa 40 kwa wiki. Ikifika desibeli 90, saa 4 tu. Vinyweleo vya ndani ya sikio vikishakufa havioti tena. Sabufa hutengenezwa na spika hubadilishwa, lakini sikio halina duka Tunduma wala Dar es Salaam. Ikiwa unalazimika kupaza sauti ili aliye karibu nawe akusikie, punguza muziki. Mtoto aliyelala chumba cha pili na jirani mwenye mgonjwa nao watakushukuru.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, kabla ya kuongeza fedha, ongeza usikivu. Chagua wimbo mmoja jioni ya leo, keti na jamaa zako, muusikilize mpaka mwisho. Huenda mkagundua kwamba chombo mlichokuwa mkikidharau kinatosha.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.