Ufunguo wa Kiingereza Umo Katika Kiswahili

Mwanafunzi wa Kenya akimwambia mwenzake "borrow me your pen", darasa huangua kicheko. Mwalimu hutia alama nyekundu, akaandika "lend" juu yake, na mambo yakaishia hapo. Wiki ya pili kosa lile lile hurudi. Hapo ndipo mtoto huambiwa kuwa ni mvivu, au kuwa hana kichwa cha lugha. Kwa miaka ambayo nimefundisha isimu chuoni, sijauona uvivu katika kosa hili. Ninachokiona ni mantiki.

Katika Kiswahili, anayetoa huazima na anayepokea pia huazima. Twasema "niazime kalamu yako", kisha twasema "kalamu hii nimeiazima kwa Juma". Hakuna anayepotea, kwa kuwa viambishi na muktadha humtambulisha mtoaji na mpokeaji. Kiingereza kimetenga: "borrow" ni la mpokeaji, "lend" ni la mtoaji. Mtoto anayesema "borrow me" amefuata kanuni ya lugha anayoijua barabara. Mwanaisimu Pit Corder alieleza mwaka 1967 kwamba makosa ya mwanafunzi ni ushahidi wa kanuni alizojijengea akilini, wala si takataka za kufagiwa tu.

Je, mwalimu afanyeje? Na amuulize mtoto tofauti ya kukopa na kukopesha. Hakuna mtoto wa Kenya asiyejua nani mdeni na nani mdai! Mwenye kukopa ndiye wa "borrow", mwenye kukopesha ndiye wa "lend". Tofauti iliyoonekana ngumu ilikuwa tayari kichwani mwake. Ilibaki kuonyeshwa tu.

Mfano wa pili ni "wear" na "put on". Wanafunzi wetu huandika kwamba mgeni aliyeketi jukwaani "is putting on a red shirt", na Mwingereza akisoma hudhani mtu huyo anajivika shati mbele ya umati. Kisa ni nini? Kiswahili hutumia kitenzi kimoja, "vaa", kisha kikaziachia njeo na hali kazi ya kutofautisha. "Anavaa shati" ni tendo linaloendelea, yaani "put on". "Amevaa shati" ni hali iliyopo baada ya tendo kukamilika, yaani "wear". Lugha zote mbili zina tofauti hiyo. Moja huiweka katika kiambishi, nyingine katika neno zima. Mwalimu anayelinganisha "-na-" na "-me-" ubaoni atalimaliza tatizo hili kwa dakika chache.

Vivyo hivyo, sisi husikia sauti, husikia harufu na husikia baridi. Ndiyo maana mtoto husema "I am hearing cold". Mwingereza husikia kwa "hear", hunusa kwa "smell" na huhisi kwa "feel".

Wala tusidhani kwamba Kiingereza ndicho chenye kupambanua zaidi siku zote. Shambani sisi tuna mpunga, guniani tuna mchele, na sahanini tuna wali. Mwingereza ana "rice" pote patatu. Mgeni akituambia kwamba jana alikula mchele, hatumwiti mjinga. Hucheka kidogo, tukamweleza, naye akashukuru. Mbona mtoto wetu hatumtendei ihsani hiyo hiyo?

Hata hivyo, si kila kosa lina dawa hii. Kiswahili kina vokali tano tu, ilhali Kiingereza kina nyingi zaidi. Mwanafunzi asiyetofautisha "ship" na "sheep", au "live" na "leave", anahitaji mazoezi ya sikio na ulimi. Nayo "principal" na "principle" hutamkwa sawa, hata Waingereza wenyewe huyachanganya wanapoandika. Dawa yake ni kusoma sana na kuandika sana. Mwalimu hodari hutambua kwanza chanzo cha kosa, ndipo akatafuta dawa.

Wapo watakaonipinga kwamba Kiswahili kikiingia katika kipindi cha Kiingereza kitaharibu mambo. Sisemi kipindi kizima kiendeshwe kwa Kiswahili, la hasha! Nasema dakika mbili za kulinganisha zina faida kuliko mwaka mzima wa alama nyekundu. Hofu hii tuliirithi. Ngũgĩ wa Thiong'o ameeleza katika kitabu chake "Decolonising the Mind" cha mwaka 1986 jinsi wanafunzi wa zama za ukoloni walivyochapwa, au kuvishwa bamba la chuma shingoni, kwa kosa la kuzungumza Gĩkũyũ shuleni. Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pia lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Hata hivyo, zingalipo shule ambako mtoto hukemewa kwa kukitumia nje ya kipindi chake.

Hasara ni kubwa. Mtoto anayechekwa kila anapofungua kinywa huamua kukifunga. Atakaa kimya darasani, hatauliza swali la fizikia wala la historia, na kosa lake litabaki pale pale kwa kuwa halikusikika likarekebishwa.

Kwa hiyo, mwalimu, unapokutana na "borrow me", uliza kwanza: mtoto huyu alikuwa anafikiri neno gani la Kiswahili? Nawe mwanafunzi, ukirudishiwa insha, usitazame tu neno lililosahihishwa. Andika kando yake neno la Kiswahili lililokupeleka huko. Ukifanya hivyo muhula mzima, utakuwa umezijua lugha mbili badala ya moja.