Kitabu Chini ya Godoro

Siku moja tulipokuwa tukibadilisha mashuka ya binti yetu wa kidato cha tatu, tulikuta kitabu chini ya godoro. Kilikuwa Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi. Akina mama wenzetu, moyo ulitulipuka. Kitabu hiki kilitoka mwaka 1971, kikazua kelele nyingi, na kwa muda kilipigwa marufuku mashuleni Tanzania. Hata sisi tulipokuwa wasichana tulionywa tusikiguse. Tulikuwa tayari kukipeleka jikoni kikawashie mkaa. Lakini je, tungechoma kitu tusichokijua? Tukakificha ndani ya mkoba wa kazini, tukakisoma kwa siku mbili, wakati zamu ya usiku ilipotulia.

Rosa ni binti wa Zakaria na Regina, huko kisiwani Ukerewe. Baba ni mlevi na mkali, mama ni mpole kupita kiasi. Baba anapogundua kuwa Rosa ameandikiwa barua na mvulana, anampiga kipigo kibaya. Baadaye binti anakwenda kusoma mbali na fimbo ya baba, na huko anateleza, tena vibaya. Mwisho wake anajiua. Zipo kurasa ambazo hatungethubutu kuzisoma kwa sauti mbele ya jumuiya, hatufichi. Hata hivyo kilichotuuma zaidi si kurasa hizo, ni Regina. Tulitamani amkalishe Rosa chini, hata mara moja tu, wakichambua mchele, amweleze mambo ya mwili wake.

Kliniki tunawaona akina Rosa. Binti analetwa na mama yake kwa ajili ya "malaria", kumbe mimba ina miezi mitano. Ukimwuliza hedhi ya mwisho ilikuwa lini, anamtazama mama kwanza. Mama naye anatazama ukutani.

Tulipomaliza tukaazima Utengano cha Said Ahmed Mohamed, kilichotoka mwaka 1980. Humo Bwana Maksuudi anamfungia ndani mkewe Tamima pamoja na binti yao Maimuna. Tamima anaposhikwa na uchungu ndani ya nyumba ile, sisi tuliozoea kuzalisha tulisoma huku tumebana pumzi. Maimuna naye anatoroka, na kwa kuwa hajafundishwa lolote kuhusu dunia, dunia inamfundisha yenyewe, kwenye pombe na wanaume. Lakini mwandishi huyu amempa njia ya kurudi, na baadaye anaolewa. Kwa hilo tunamshukuru. Rosa hakuipata njia hiyo, na tulimlilia kama mtoto wa jirani.

Hadithi fupi tulizisoma chache, katika mkusanyiko wa Damu Nyeusi wa mwaka 2007. Ile ya Rayya Timammy, Kanda la Usufi, inahusu mimba ya msichana wa shule, na mama mwenye haraka ya kupika anaweza kuimaliza kabla maharage hayajaiva. Katuni nazo zilitupumzisha. Kaka yetu ametunza magazeti yake ya zamani ya Sani, na tulicheka tena na Ndumilakuwili na Madenge. Ila mtoto wa kiume akizisoma, keti naye, maana wanawake wa katuni zile mara nyingi wamechorwa kwa makalio kuliko kwa akili.

Kitabu tulikirudisha, si chini ya godoro bali juu ya mto. Jioni binti alikuja jikoni, akasimama mlangoni kwa muda mrefu.

"Mama, umekisoma?"

"Tumekisoma chote."

Akanyamaza. Kisha akauliza, "Kwa nini mama yake Rosa hakumwambia kitu?"

Tulimjibu kwamba huenda naye hakuambiwa na mama yake. Sisi wenyewe hatukuambiwa. Mambo hayo tulijifunza chuo cha uuguzi, kwenye picha ya ubaoni. Akavuta kigoda, akaanza kuuliza, mengine ya kutufanya tugeukie sufuria kwa aibu. Ugali uliungua usiku ule.

Baba watoto aliuliza sababu ya ugali kuungua. Tulimwonyesha kitabu, tukamkumbusha pia Waefeso 6:4, jinsi Mtume Paulo anavyowakataza akina baba kuwachokoza watoto wao. Hakusema kitu. Sasa kitabu kiko upande wake wa kitanda, na kijikaratasi alichoweka kimefika pale penye barua.